Televisheni Smati ya Mzee Werema

Kila Ijumaa ya likizo, Athuman na mwanawe Hamim walipokwenda msikitini, Sabaha, mdogo wake Hamim, alibaki peke yake kwenye duka lao la vifaa vya umeme mjini Mugumu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kupangusa vumbi na kuuza vitu vidogo.

"Wateja wa vitu vikubwa waambie wasubiri," Hamim alimwambia kila mara. "Wewe uza betri za rimoti."

Maneno hayo yalimkera Sabaha. Alizijua televisheni zote za dukani kuliko Hamim alivyojua mashairi ya muziki, na hiyo haikuwa kidogo. Akaapa kuwa siku moja atamwonyesha.

Ijumaa hiyo aliingia mzee mmoja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Mimi ni Werema, natoka kijijini Busawe. Natafuta televisheni ya mama yenu, mke wangu, mama Rose. Alivunjika nyonga, siku hizi anashinda ndani. Masikio nayo yamezeeka. Nataka asikie kwaya na mahubiri, asijione ameachwa peke yake."

Sabaha alitakiwa amwombe asubiri. Badala yake alimpeleka moja kwa moja kwenye televisheni iliyong'aa kuliko zote.

"Bei yake ni ya katikati, mzee, lakini hii ni smati."

Mzee Werema akaipapasa ukingoni. "Ni smati kweli. Nyembamba, haina hata mkwaruzo."

Sabaha akaelewa. Mzee alidhani smati ni unadhifu, kama shati lililopigwa pasi. Hakujua kuwa maana yake ni televisheni inayotumia intaneti. Sabaha akataka kumweleza, kisha akakumbuka maneno ya Hamim, akaacha. Akaiunganisha televisheni na intaneti ya simu ya duka, akafungulia kwaya. Sauti ilitokea kwenye spika kubwa ya duka, iliyounganishwa kwa waya nyuma ya meza.

"Inaunguruma," mzee alisema, akitabasamu. "Hapa mama Rose atasikia. Nifungie, mwanangu. Nakwenda kunywa chai pale stendi nikisubiri gari."

Mzee alipoondoka na boksi lake, Sabaha alitaka kufurahi, lakini furaha ikakataa. Alipangusa meza ambayo alikwisha kuipangusa. Alikaa, akasimama, akachungulia barabarani, akarudi ndani, hatulii kama kuku anayetafuta pa kutagia. Televisheni ile haikuwa mbaya. Picha yake ilikuwa safi na haikula umeme mwingi. Lakini spika zake zilitazama ukutani, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Tena, bila intaneti, kwaya ile isingeonekana. Sabaha alimfikiria mama yule akitazama kioo kitupu, au midomo ya waimbaji bila kusikia neno. Akaona aibu, aibu ya kweli.

Baba yake aliporudi na Hamim, aliona pengo kwenye rafu. "Nani kauza?"

"Mimi, baba."

"Hongera," alisema Athuman, na Hamim akalitazama lile pengo. Sabaha alikuwa ameingoja hongera hiyo kwa muda mrefu. Sasa ilimchoma.

"Ulimweleza mteja kuhusu sauti?" baba aliuliza.

Sabaha akatazama sakafu. Kudanganya kulikuwa rahisi, kwa maana mzee angekuwa Busawe kabla ya jua kuzama. Lakini moyo ulikataa kukaa. "Hapana, baba. Nilitumia spika ya duka. Na alidhani smati ni usafi, nikamwacha." Machozi yakamtoka.

Athuman hakufoka. "Gari lake limeondoka?"

"Sijui."

"Basi unasimama hapa kungoja nini?"

Sabaha alikimbia, baba yake akimfuata nyuma. Walimkuta Mzee Werema kwenye kibanda cha chai, boksi likiwa kati ya miguu yake. Watu waligeuka kutazama. Sabaha akapiga goti, akamweleza yote mbele yao, hata habari ya spika.

Mzee akalitazama boksi miguuni pake. "Kwetu mtandao tunaupandia kichuguu," alisema. "Nami nilikuwa nampelekea mama Rose sanamu. Haya, turudi."

Safari hii Sabaha aliitoa televisheni kwenye boksi, akaiwasha bila waya wa spika ya duka. Kwaya ikawa mnong'ono. Kisha akawasha televisheni nyingine, ya kawaida, nene kidogo, yenye spika zinazotazama mbele. Sauti yake ikajaa duka.

"Hii haina intaneti, mzee," alisema. "Kwaya tutakuwekea kwenye fleshi, utaichomeka hapa pembeni. Lakini nayo ina kasoro. Ukiitazama kutoka ubavuni, picha inafifia."

"Mama Rose atakaa mbele yake tu. Ubavuni ataendaje na nyonga ile?" Mzee alicheka kidogo. "Nipe hii isiyo smati."

Hamim aliweka nyimbo kwenye fleshi bila utani wowote. Mzee Werema alipoaga, alimshika Sabaha kichwani, kisha akaondoka kuwahi gari lake.

"Baba, kumbe ile smati ni mbaya?" Sabaha aliuliza.

"Si mbaya. Aje mwalimu mwenye mtandao mzuri na spika yake, nitamshauri aichukue. Kitu hupimwa kwa shida ya mtu anayekihitaji, siyo kwa kung'aa kwake." Athuman akairudisha televisheni ile kwenye rafu, kisha akamgeukia bintiye. "Sikiliza, Sabaha. Kuna kumuuzia mtu, na kuna kumuuza mtu. Yanafanana sana mdomoni, ndiyo maana wengi wanayachanganya. Ulipomfungia boksi la kwanza, ulimuuza Mzee Werema. Sasa hivi ndipo umemuuzia."