Jumamosi za Baba Mwende

"Wathome? Wathome gani, mama?"

"Mpiga zumari wenu. Mrefu, ana kovu hapa kwenye kidevu. Mimi ni mke wake."

Norah, aliyekuwa akiongoza wapiga ngoma, alimtazama yule mwanamke aliyesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa akiwa na vijiti vipya mkononi. Akashusha sauti.

"Mama, Wathome aliacha bendi. Ni mwaka sasa, na zaidi. Nilidhani unajua."

Asubuhi hiyohiyo mumewe alikuwa amebeba zumari lake la mfuko, akasimama mlangoni pale kwao mtaani Baba Dogo na kusema, "Naenda mazoezi, Mama Mwende. Usiningojee chakula." Kila Jumamosi alisema hivyo. Na kila Jumamosi Nthambi alibaki na redio. Binti yao wa pekee, Mwende, alikuwa shule ya bweni huko Machakos. Siku za kazi Nthambi alipakia sabuni kiwandani, jioni akapika, mume akala huku anatazama simu, wakalala. Ndipo akapata hilo wazo: ajifunze ngoma, aingie bendi ya mumewe, angalau siku moja kwa wiki wawe mahali pamoja. Alitaka kumshtukiza, wacheke kama zamani.

"Sasa," Norah akauliza taratibu, "umekuja kumtafuta, ama umekuja kujifunza?"

Ndani ya ukumbi mazumari yalikuwa yanajaribiwa, mifuko yake ikijazwa upepo, yakilia kwa sauti zisizopatana. Nthambi akawaza nyumba yake ilivyo kimya saa hizi.

"Nimekuja kujifunza."

"Umewahi kushika vijiti?"

"Mwiko tu."

Norah akacheka. "Haya, ingia. Wengine walikuja hata mwiko hawajui."

Hakupewa ngoma. Alipewa kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari juu ya ubao, akaketi pembeni. Norah akamkunja vidole kimoja kimoja: mkono wa kulia kama anayeshika nyundo, wa kushoto kiganja kikitazama juu, kijiti kikilala kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kila mkono mara mbili. Na useme kwa mdomo: ma-ma, ba-ba. Ma-ma, ba-ba. Mdomo ukijua, mkono utafuata."

"Ma-ma, ba-ba. Ma-ma... ba... ba."

"Mkono wa kushoto ni mvivu. Huyo baba yako anachelewa."

Nthambi aliinamisha uso asionekane.

Jioni Wathome alirudi, akaweka zumari nyuma ya mlango.

"Mazoezi yalikuwaje, Baba Mwende?"

"Acha tu. Jua limetuchoma pale uwanjani mpaka kichwa kinauma."

Siku hiyo bendi haikutoka nje ya ukumbi hata kidogo.

"Poleni," Nthambi alisema, akampakulia githeri ya mahindi na maharagwe.

Swali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini swali likishatoka halirudi, na aliogopa kwamba jibu lake lingeiacha ile nyumba tupu kuliko ilivyokuwa.

Wakaishi hivyo. Wathome akitoka na zumari lake, Nthambi anangoja kidogo, anatia vijiti kwenye kiondo, anatoka pia. Jioni anamwuliza habari za mazoezi. Mume anamsimulia nyimbo ambazo hazikupigwa na watu ambao hawakufika, naye anaitikia, "Kumbe." Kulikuwa na nyakati alitamani kumsaidia uongo wake, aufanye ufanane na ukweli kidogo.

Siku za wiki, mume akiwa bado kazini, alipiga juu ya godoro. Mpangaji wa chumba cha pili, Eve, akamgongea.

"Mama Mwende, unaponda nini humo kila jioni?"

"Najifunza ngoma."

"Heh! Na umri huu? Si mzee wako ndiye wa bendi? Akufundishe basi!"

"Hana nafasi."

Mkono wa kushoto ulichukua muda mrefu kusikia. Vidole viliota malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Alipokuja kufungiwa ngoma kiunoni, ile ndogo yenye nyuzi chini zinazolia kama mvua juu ya mabati, alipiga pigo la kwanza akaogopa sauti yake mwenyewe.

"Usiiombe ruhusa," Norah akamwambia. "Piga!"

Baada ya mazoezi walikaa kwenye ngazi za ukumbi wakinywa soda.

"Hujamwuliza?"

"Bado."

"Unangoja nini, Nthambi?"

"Nangoja aniambie mwenyewe."

Norah alizungusha chupa mkononi. Alikuwa mjane. "Mimi nilijua ninamngoja mtu aliyekufa, nikaacha. Wewe wako yuko hai. Hiyo ndiyo ngumu."

Mwezi wa nane, Wathome alisema wakiwa mezani:

"Jumamosi hii bendi imealikwa harusi Nakuru. Nitalala huko, nirudi Jumapili."

Nthambi alijua bendi inakokwenda. Kanisa lilikuwa linafungua tawi jipya Njiru, na hilo lingekuwa gwaride la kwanza la Nthambi. Sketi ya sare alikuwa ameificha kwa Eve.

"Nakuru kuna baridi," akasema. "Beba sweta."

Mume alimtazama kidogo, kama mtu aliyesikia kitu nje ya dirisha. Kisha akarudi kwenye simu yake.

Jumamosi hiyo bendi ilishukia Barabara ya Kangundo, ikapanga safu na kuingia ndani ya Njiru kwa njia ya vumbi. Mazumari mbele, ngoma nyuma. Wanawake waliacha kuanika nguo wakaegemea vyuma vya roshani. Ma-ma, ba-ba, mikono ya Nthambi ilikwenda yenyewe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alihisi kwamba anatabasamu.

Walipokaribia kibanda cha chai chenye pazia la bluu, mwanamume alitoka akiwa amebeba mtoto mchanga begani ili aone bendi. Alikuwa amevaa kandambili na kaptura, kama mtu aliye kwake. Alikuwa akiupunga mkono wa mtoto kwa wapiga zumari aliowafahamu, akicheka. Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye safu ya ngoma.

Kicheko kikamfia mdomoni.

Kijiti cha kushoto kilimteleza Nthambi.

"Macho mbele," Norah akanong'ona kando yake. Naye alikuwa ameona. "Usisimame, dada. Tufike kanisani. Utalia huko."

Hakusimama. Alipita mbele ya mumewe karibu kiasi cha kusikia mtoto akilia kwa kushtushwa na ngoma, akaenda.

Kanisani, watu wakigawana mandazi, simu ililia mpaka ikachoka. Kisha meseji: "Mama Mwende nipigie. Sio vile unadhani." Nyingine ikafuata: "Tafadhali usimwambie Mwende."

Alikuwa akiitazama hiyo ya pili mwanamke mwenye aproni, aliyetoka kile kibanda cha chai, alipomsogelea.

"Samahani. Nimeona Wathome alivyokutazama. Wewe ndiye mama yake Mwende?"

"Ndimi."

"Naitwa Sally. Aliniambia mliachana. Kwamba anakaa kwa ndugu yake, mtaa wa Baba Dogo, Jumamosi ndiyo anapata nafasi." Aliikunja ile aproni mikononi. "Mimi sikujua, dada. Haki ya Mungu."

Nthambi alikuwa amejitayarisha kumchukia mwanamke huyu, lakini aliyesimama mbele yake alikuwa mtu aliyedanganywa kama yeye.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Ndete."

Hilo lilikuwa jina la baba mzazi wa Wathome. Yeye na Wathome walikuwa wamemwekea mtoto wa kiume ambaye hawakumpata.

"Jina zuri," Nthambi alisema, akageuka haraka.

Alimkuta Wathome nyumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, zumari liko sakafuni.

"Ni tangu lini umekuwa kwenye bendi?"

"Muda sasa."

"Kwa hiyo... ile yote niliyokuwa nakwambia..."

"Nilikuwa nasikiliza."

Wathome alifunika uso. "Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema umeacha?"

"Walinitoa mstari wa mbele. Walisema upepo wangu umeisha, kijana mwingine akachukua mahali pangu. Niliona haya. Ningekuja kukuambia nini, kwamba hata hilo limenishinda? Nikawa natoka tu, nazunguka. Siku moja nikafika Njiru, nikaingia pale kunywa chai. Sally akaniuliza hicho nimebeba ni nini. Mama Mwende, hakuna mtu alikuwa ameniuliza kitu siku nyingi."

"Nilikuuliza mimi. Kila Jumamosi."

"Nilidhani unauliza tu."

"Nilienda pale ukumbini kukutafuta, Wathome." Akaweka kiondo chini. "Sikuwa napenda ngoma. Sikuwa najua chochote. Nilitaka siku moja tu tuwe mahali pamoja, mimi na wewe. Nikaambiwa haupo."

Wathome alianza kulia. Nthambi alitamani kumfuta machozi, na ile tamaa ndiyo iliyomwumiza kuliko yote.

"Nisamehe. Nitaacha huko. Tuanze upya."

"Umwache Ndete?"

Wathome aliinama akaliokota zumari.

"Huwezi. Na ukiweza, sitaki kulala na mtu wa namna hiyo. Chukua nguo zako."

"Na Mwende?"

"Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nimekaa hapo."

Siku ya kutembelea wanafunzi, kila mmoja alifika Machakos kwa njia yake. Walikaa kwenye nyasi, Mwende katikati na sahani ya pilau mapajani. Wathome alimwambia yote, hakujipunguzia. Msichana alisikiliza bila kuinua macho. Wathome alipomaliza, aliomba ruhusa akaenda mbali kidogo kando ya ua, akasimama peke yake akiwapa mgongo.

Mwende akamgeukia mamake.

"Sasa wewe unakaa na nani?"

"Nakaa peke yangu."

"Huogopi?"

Nthambi alimwondolea punje ya wali shavuni.

"Nilikuwa peke yangu siku nyingi, mwanangu. Ila nilikuwa napika chakula cha watu wawili."

Mwende alimega nyama yake, akamtilia mamake kipande kikubwa mdomoni, wakala kutoka sahani moja mpaka kengele ikalia.