Marafiki Wengi wa Wiston

Tecla aliteremka kwenye basi la kutoka Ngara, gauni lake la kitenge lenye maua ya manjano limejikunja kwa safari, na kabla hajalinyoosha akakutana uso kwa uso na mtu ambaye tangu mwezi uliopita hakutaka kuisikia hata sauti yake. Stendi ya Lusahunga ilikuwa imefurika. Wauza ndizi za kuchoma walikimbilia madirisha ya basi, malori yalipiga honi, na nusu ya honi hizo zilikuwa za kumsalimu Wiston.

"Tecla wangu," alisema Wiston, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi. "Simu umeitupa mtoni?"

"Ninayo. Naogopa kukuchelewesha, una watu wengi wa kuwapokea."

Tecla alipomtembelea mara ya mwisho, aliagwa mlangoni. Walikuwa wamefika marafiki wapya, wafanyabiashara wa mpakani Rusumo, na Wiston, muuza vipuri vya malori, akamwitia bodaboda, akailipa, akarudi kwa wageni wake. Aliona amemheshimu. Kwao Tecla, Nemba, umpendaye unamsindikiza kwa miguu mpaka njia panda, na maneno matamu kuliko yote husemwa huko njiani.

"Lakini siku ile nilikulipia usafiri," alisema Wiston.

"Hata gunia la maharage hulipiwa usafiri, Wiston."

Gari jeusi likasimama kando yao. Leonidas, mmoja wa wale wafanyabiashara, akateremsha kioo. "Panda, bwana. Wanunuzi wakubwa wanatusubiri mpakani. Leo utajuana na watu."

Akilipanda gari lile, aliwaza Tecla, nami nitapanda langu la Nemba, na habari yetu itaishia hapa hapa.

"Wasalimie, kaka," alisema Wiston. "Mimi naenda Nemba."

"Nemba kuna nini?"

"Baba mkwe, akinikubali."

"Nafasi hii hutaipata tena."

"Mpe mwingine."

Gari likaondoka kwa vumbi. Tecla alijaribu kukunja uso, uso ukamkatalia.

"Nani kakwambia umealikwa?"

"Hakuna. Nataka kukuoa, Tecla. Nimejuana na watu mpaka majina yananichanganya, ilhali wewe sijakujua vya kutosha. Sijui hata baba yako huchukizwa na nini."

"Wanaume wanaoongea na simu mezani."

Wiston akaizima simu yake, akamkabidhi, akajitwika begi la Tecla na kuliendea gari la Nemba. Watu wawili walimwita kwa jina, hakugeuka. Tecla akatoa simu yake mwenyewe, akampigia mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Lusahunga. Ongeza ndizi chunguni, tunakuja na Wiston."

"Unaniletea mgeni bila taarifa? Ngoja basi nikamate kuku."

"Mwache kuku, Mama. Huyu atakula tunachokula sisi."