Miwani Kwenye Jalada

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikishalia, wanachama wa klabu ya muziki walibaki darasani. Walisogeza madawati ukutani, wakafagia vumbi la chaki, kisha wakaanza mazoezi ya kwaya. Msichana mmoja tu hakuimba. Sauti yake ilikuwa ya kufukuzia kuku, mwenyewe alikiri, lakini kwa kuchora hakuwa na mpinzani. Brashi haikumtoka mkononi, na wenzake wakampa jina hilohilo: Brashi.

Muhula ule klabu ilikuwa inatoa jarida lake la kwanza, lililoitwa Kibwagizo. Mwalimu wa muziki alimkabidhi Brashi kazi ya jalada. Naye akajaza karatasi: gitaa, ngoma, kinanda, tarumbeta, maua na nyota, na juu kabisa akaandika jina la jarida kwa rangi ya manjano. Alipolibandika ubaoni, wenzake walimmwagia sifa, kichwa kikamvimba.

Mwalimu akauliza kama kuna mwenye la kurekebisha. Msichana aliyekaa nyuma, aliyeitwa Miwani kwa sababu ya vioo vinene alivyovaa, alisimama taratibu.

"Mimi jina silioni kutoka huku," alisema. "Manjano juu ya karatasi nyeupe yanapotea."

"Labda ubadilishe miwani," Brashi akamjibu.

Darasa zima liliangua kicheko, hata mwalimu alipogonga meza hawakunyamaza upesi. Miwani aliketi, akaivua miwani yake na kuifuta kwa pindo la sketi, akaifuta tena na tena ingawa ilikuwa safi.

Hata hivyo, wakati wa kwenda nyumbani alimfuata Brashi langoni. Hakuwa na kinyongo usoni. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba picha zilikuwa nyingi mno, jicho halijui lianzie wapi. Kwa nini asichore mtu mmoja tu, anayeimba amefumba macho? Brashi akamwambia asante, asante ya kumfukuza mtu, akaenda zake.

Nyumbani alilibandika jalada ukutani ili mama yake alione. Mama, ambaye angeweza kuokota sindano gizani, alichungulia kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Tangazo la duka gani hilo, mwanangu?"

"Si tangazo, mama. Ni jarida. Jina si hilo hapo juu?"

Mama alikaza macho. "Jina lipi?"

Uso wa Brashi uliwaka moto. Kumbe Miwani aliona vizuri kuliko darasa zima. Alichukua karatasi mpya, akaandika jina kwa buluu iliyokoza, akachora msichana mmoja anayeimba amefumba macho. Alipomaliza, aliitambua ile sura. Katika kwaya alikuwepo mmoja tu aliyeimba hivyo, aliyevua miwani kwanza ndipo akafumba macho. Waimbaji wengine walimtazama mwalimu, wasimwone mwenzao. Brashi ndiye aliyekaa mbele yao akichora. Akajiambia kwamba hakuna atakayegundua.

Ijumaa iliyofuata jalada jipya liliwaacha watu midomo wazi. Mwalimu alilitazama kwa muda, akauliza wazo lile limetoka wapi.

"Kichwani mwangu, mwalimu."

"Na huyu ni nani?"

"Si mtu. Nimebuni tu."

Wenzake wakapiga makofi. Miwani naye akapiga, na makofi yake ndiyo yaliyomuumiza Brashi kuliko yote. Mazoezi yalipoanza, hakuthubutu kuinua uso. Aliona aibu kushika brashi, aliona aibu hata kusikia ile sauti nzuri ikiimba.

Wenzake walipoondoka alibaki akijifanya anapanga madawati, kisha akamweleza mwalimu yote, machozi yakimtoka. Mwalimu alisema alimtambua Miwani tangu picha ilipobandikwa, ila alitaka kusikia ukweli kutoka kwa mwenyewe. Brashi akaomba ruhusa amwombe mwenzake radhi wakiwa wawili tu.

"Ulimcheka hadharani," mwalimu alisema. "Usimwombe radhi uchochoroni."

Kwa hiyo walipokutana tena, Brashi alisimama mbele ya klabu nzima. Alisema kwamba Miwani ndiye aliyeona kasoro, kwamba wazo lilikuwa lake, na kwamba hata sura ni yake. Alisema amekosa, anaomba radhi, na yuko tayari kuifuta picha. Hakuna aliyecheka.

Miwani alikwenda ubaoni, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Ungeniuliza kwanza," alisema.

"Kweli. Nisamehe."

"Usiifute. Ila nichore na miwani yangu, nimeishika mkononi. Bila miwani hata mimi mwenyewe sijijui."

Yeye ndiye aliyecheka wa kwanza, wengine wakafuata, na Brashi akachukua brashi.

Jarida lilipochapishwa, jalada lilikuwa na majina mawili chini yake. Brashi alilibandika pale pale ukutani. Mama alisimama mlango wa jikoni, akasoma bila shida.

"Kibwagizo," alisema. "Na huyu mwenye miwani mkononi?"

"Ni mwenzangu, mama. Alinionyesha makosa yangu, mimi nikamcheka."

Mama aliuweka mwiko chini, akaja kulitazama jalada kwa karibu.

"Basi mshike huyo, mwanangu. Wa kukusifu utawapata tele. Wa kukuambia ukweli, halafu akakusamehe, hapatikani kila siku."