Shimo la Mbele ya Nyumba ya Bibi Blandina

Jioni ile nilikuwa natoka Igawa, na sikuwa na haraka yoyote. Fundi Abdul alikuwa amemaliza kunifungia kioo kipya cha mbele kwenye Noah ya Mwalimu Kalinga, tajiri yangu, akanionya kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Gundi haijakauka, Jailos. Dirisha acha wazi kidogo, mlango usiubamize. Na mashimoni nenda mdogomdogo, sio zile mbio zako."

Mbio zangu. Maneno yale yalinichoma, maana Abdul alishakisia kioo cha kwanza kilivunjikaje. Ngoja niuseme ukweli wenyewe, ingawa nimechelewa.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, nilikuwa nimepakia mchele, nalifukuzia lori la fuso karibu kabisa, simu mkononi. Jiwe likaruka kutoka kwenye tairi lake. Ta! Ulikuwa ufa mdogo tu, wa kuzibwa na fundi siku hiyo hiyo. Badala ya kupunguza mwendo nikabaki nautazama. Mbele kulikuwa na dimbwi, nikadhani ni maji tu. Kumbe shimo! Nilipolishtukia nilikanyaga breki nikiwa tayari ndani yake. Rimu ikapinda, shokapu ikakatika, na ule ufa ukakimbia mpaka upande wa pili wa kioo.

Shimo lilikuwa mbele ya nyumba ya Bibi Blandina, mjane aliyeishi peke yake kwenye njia ya mashambani, ukishaipita Ubaruku. Kila alfajiri alitoka na jembe na kiroba cha pumba za mpunga, akalifukia. Mvua ikizoa, kesho yake anafukia tena. Watu walishaanza kuulizana anafukia nini saa zile.

Mwalimu Kalinga alipokuja kuliona gari lake, aliniuliza kumetokea nini. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikamwambia nimemwona Bibi Blandina amesimama katikati ya barabara, akanyoosha mkono, kioo kikapasuka, naye akapotea.

Mimi nilisema mara moja tu. Wengine walisema mara mia, na kila mara wakaongeza kwamba ni mchawi. Siku ya tatu wakamwezulia mabati yake, na mimi nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya watu. Aliondoka na furushi kichwani. Alipita karibu yangu kabisa, nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Basi, jioni ile...

Jua lilishazama nilipokaribia pale. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inaingia kwenye dirisha nililoacha wazi. Pamoja nayo ikaingia harufu... harufu ya pumba zinazoungua.

Upande ule hakuna mashine ya mpunga.

Kisha nikasikia. Kwacha... kwacha...

Jembe.

Nikawasha taa. Shimo lililokosa mtu wa kulifukia lilikuwa limekula nusu ya njia, na ndani yake alikuwamo mwanamke ameinama, amenipa mgongo. Kitenge kile cha kahawia nilikijua, ni cha Bibi Blandina. Nikasimama. Klachi ikanishinda, gari likazima.

Akaja dirishani. Hatua zake sikuzisikia.

"Kamwene, Jailos," alinisalimu kwa kunong'ona.

"Kamwene, bibi."

"Pita kushoto, mwanangu, kulia kumelika. Breki kanyaga mapema, ukifika mdomoni mwa shimo uachie. Ukibana ukiwa humo ndani, gari linapiga kichwa. Miaka thelathini nimekaa hapa naangalia mnavyovunja magari."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Umeniona?"

"Nimekuona, bibi."

"Na siku ile... uliniona?"

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa hapana, neno moja tu, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulisikia. Nikashindwa.

Ti.

Kwenye kona ya chini ya kioo kipya palitokea ufa. Hakuna jiwe lililoruka. Hakuna kitu kilichokigusa. Bibi alikuwa anasubiri tu... Ti... ti... Ufa ukapanda polepole mbele ya macho yangu, ukaja mpaka usawa wa uso wangu. Nilipogeuka dirishani hapakuwa na mtu.

Niliwasha gari kwa shida, nikapita kushoto, nikaachia breki mdomoni mwa shimo. Gari likavuka kama liko kwenye lami.

Nyumbani kwa Mwalimu Kalinga walikuwapo wanaume watano au sita wanaota moto. Mwalimu akamulika kioo kwa tochi ya simu. Hakufoka.

"Jailos. Leo tena umepiga nini?"

"Nimemwona Bibi Blandina. Pale pale shimoni. Naapa!"

Siku ile ulikuwa uongo, leo ilikuwa kweli, na maneno yalikuwa yale yale. Kabla sijafunga mdomo, Amos, jirani yetu, alishasimama na panga lake.

"Karudi huyo! Atakuwa analala kwenye gofu lake. Safari hii hatumwachi."

Wote wakainuka. Mimi ndiye niliyewainua, kwa mara ya pili.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Nimedanganya!"

Wakasimama. Mwalimu akanisogelea, akaniuliza taratibu, "Umedanganya lini? Leo, au siku ile?"

Moto ulikuwa unatatarika. Amos ndiye aliyepanda juu ya paa la Bibi Blandina kung'oa bati la kwanza, na nilimwona anameza mate. Hakuna hata mmoja pale aliyetaka kusikia siku ile. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hawataki.

"Leo," nikasema. "Leo nimeingia shimoni mwenyewe."

Wakacheka, wakakaa tena. Mwalimu akaniita mjinga, yakaisha.

Asubuhi nilikwenda pale kwa miguu. Shimo lilikuwa limejaa udongo na pumba mpaka juu, limeshindiliwa vizuri kwa nyayo za mtu asiye na viatu. Nyayo zilikuwa palepale juu ya shimo. Hakukuwa na zilizokuja wala zilizoondoka.

Nikaitafuta namba ya Eveline, binti wa Bibi Blandina aliyeolewa Iringa, Kihesa. Nikampigia palepale, nikamuuliza mama yake yuko wapi.

"Mama tulimzika mwezi wa nne," alisema. "Alifika kwangu amechoka, hakushika chakula tena. Wewe ni wa huko huko, kaka. Hebu niambie... ni nani hasa alisema alimwona barabarani?"

Nilikuwa nimesimama juu ya lile shimo, peke yangu, mchana kweupe. Nikahisi udongo unatitia taratibu chini ya viatu vyangu.

"Watu," nikamjibu. "Watu tu, dada."

Akanishukuru kwa kumpigia.