Uji wa Jalalani

Uji uliomwagwa jalalani jioni haukuacha hata alama asubuhi. Siwema aliyakuta majivu makavu, laini, kama yamefagiliwa. Akasema ni mbwa, ingawa mbwa wa mtaa ule siku hizo waliizunguka nyumba yake kwa mbali.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, malori ya watu binafsi yamejaa Mikumi na nyumba za wageni zinaota kando ya barabara kuu. Abubakari, mumewe, alikuwa utingo wa lori mojawapo mpaka aliporudishwa nyumbani amekonda, anakohoa, kusimama hawezi. Mtaa ukaanza kunong'ona, maana mtaa haukosi kazi. Siwema aliona aibu, tena aibu ya kuchoma, akafunga mlango. Walioleta uji wakaishia kizingitini.

"Mgonjwa amelala. Asanteni."

"Na wewe, dada? Nikupokee kidogo?" aliuliza Naipanoi, Mmasai aliyeuza maziwa stendi, shoga yake wa siku nyingi.

"Sijachoka."

Uongo mtupu. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu mvua zianze. Na kila uji alioletewa aliumwaga jalalani, kwa kuamini ni kisingizio cha watu kuchungulia. Wenyeji wa huko hawamwagi chakula jalalani jua likizama. Wanajua ni nani wanaokaa kwenye majivu. Siwema naye alijua, ila hasira zilimpofusha.

Harufu ya uji uliochacha ikaingia ndani. Alifua mashuka, akadeki, haikutoka. Kisha Abubakari akaanza kumshukuru kwa mambo asiyoyafanya.

"Mchana ulinikanda mgongo vizuri, mke wangu. Ila mikono yako ilikuwa baridi."

Mchana Siwema alikuwa bombani.

Kesho yake alirudi na ndoo kichwani, jua la utosi likiwaka, akamkuta Naipanoi mlangoni akizungumza na mtu aliye ndani, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyoisikia ile sauti, ya upole, yenye kukwama kidogo kooni kama yake mwenyewe, ikisema mgonjwa amelala, sijachoka, nenda dada, mgonjwa amelala, sijachoka, mpaka Naipanoi akageuka, akamwona Siwema njiani, na kibuyu cha maziwa kikamponyoka.

"Ndani yuko nani?" alinong'ona.

"Sijui. Wallahi sijui."

Wakamleta Bibi Hildegarda, mganga wa Kidete.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakumtazama sana hata mgonjwa. Alinusa tu. "Huyu ana maradhi yake, mpelekeni hospitali. Jini limekuja kwako wewe. Umelilisha, ukalifundisha maneno yako. Sasa linataka nafasi yako. Likiipata, utabaki unatembea tu, hujijui."

"Nifanye nini?"

"Fungua mlango. Useme kweli mbele za watu."

Ubani ukafukizwa, majirani wakajaa uani. Siwema alisimama mlangoni, na nyuma yake chumbani sauti yake ikawa inasema sijachoka, sijachoka, haraka haraka, kwa hasira.

"Nimechoka," akasema. "Jamani, nimechoka. Naogopa. Nisaidieni."

Akaangua kilio. Bati la jikoni likang'oka, majivu ya jalala yakatimka hadi juu ya paa, na ile harufu ikakatika. Wanawake wakapangiana zamu pale pale. Siwema alilala kwa Naipanoi mpaka jua la kesho yake lilipopanda.

Abubakari alifariki kabla ya mavuno, lakini alifia mikononi mwa watu, na Siwema alimlilia mumewe akiwa na akili zake timamu. Alimshukuru Mungu kwa hilo.

"Limeondoka, halijafa," Bibi Hildegarda alikuwa ameonya.

Kiangazi, Resiato, binti mdogo wa Naipanoi, akashikwa na homa. Siwema akaenda kumpokea shoga yake.

"Sijachoka," Naipanoi akacheka, macho mekundu. "Nenda kapumzike, dada."

Siku ya pili Siwema alirudi na bakuli la uji. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Mtoto amelala," sauti ya Naipanoi ikajibu kutoka ndani. "Sijachoka."

"Hebu nifungulie, Naipanoi."

"Nikufungulie kutoka wapi?" Naipanoi akauliza nyuma yake, akitokea stendi, kibuyu kitupu begani. "Nilikimbia mara moja kuuza maziwa."

Mle ndani, Resiato alikuwa anazungumza kwa usingizi.

"Mama, mikono yako baridi."