Geti la Mbele

Sikukuu ya pili ya Krismasi, Ifakara nzima ilikuwa imehamia Kibaoni. Bwana mmoja wa Morogoro aitwaye Polycarp alikuwa ameleta bembea za umeme: farasi wa mbao waliozunguka, na gurudumu kubwa la chuma lenye viti vya rangi ambalo lilikuonyesha mabati ya mji mzima ukifika juu. Jenereta lilinguruma, spika zilipiga rumba ya Kongo, na hewa ilinuka moshi wa dizeli, mafuta ya kukaangia samaki na jasho la nguo mpya. Watu walisukumana kama mbuzi wanaogombea pumba, wakaita hiyo raha.

Devota alikuja kutoka Mlabani akijisukuma mwenyewe. Kiti chake cha magurudumu kilitoka misheni, na fundi wa mtaani alikifunga matairi ya baiskeli ili kikate mchanga. Polio ilimkuta akiwa mtoto anayeanza kukimbia, ikaondoka na miguu yake, ikamwachia mabega ya mpiga kasia na ulimi usiolala njaa. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la njano lenye maua ya zambarau, na nywele zake alizisuka mtindo wa twende kilioni. Alijijua kuwa amependeza, wala hakuona haya kulijua.

Getini ndipo sikukuu ilipoingia nyongo. Ifakara kila mtu ana baiskeli, na Polycarp alihofia zisije zikajaa uwanjani. Kwa hiyo aliweka sheria kwamba chochote chenye magurudumu kibaki nje kwa mlinzi. Ili sheria ishike, alisimika mabomba ya chuma karibu karibu, mtu apite ubavu ubavu na baiskeli isipite kabisa.

Mlinzi wa baiskeli alikuwa kijana mrefu wa Mkula, jina lake Tadei. Siku nzima alikuwa akigawa vibati vya namba, na shingo ilishachoka kuinuka. Aliona tairi, akanyoosha mkono.

"Shuka, uchukue namba."

"Nikishuka nitakaa wapi, kaka? Mapajani pako?"

Tadei aliinua macho. Aliona gauni, akaona kiti, akataka ardhi immeze. Kisha uso wake ukabadilika.

"Sauti hii naijua," alisema. "'Subiri hapo hapo, usikate.' Wewe ndiye wa simu ya Mlabani."

Ni kweli. Devota alipokea simu katika duka la mjomba wake, na watu wa bonde zima walimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Mwaka uliopita, mama yake Tadei alipolazwa hospitali ya mjini, ni sauti hiyo iliyompelekea habari kila alipopiga, kwa upole, bila kumharakisha. Tadei alimwambia hivyo pale pale, huku foleni ikimzomea.

Hakuwa na ruhusa ya kung'oa mabomba. Akasema kuna njia ya nyuma, inayopitisha mapipa ya dizeli. Devota akakubali, na baadaye alijilaumu kwa kukubali haraka.

Njia yenyewe ilipita nyuma ya choo cha viroba. Wauza samaki walikuwa wamemwaga matumbo hapo, mvua ya asubuhi ikayachanganya na mikojo, na nzi walikuwa wakila sikukuu yao. Anayetembea huruka tope la namna ile. Anayesukuma magurudumu kwa mikono hulishika, maana kila tairi linapozunguka hupandisha lilichokikanyaga hadi kwenye kiganja. Devota alifika ndani viganja vikiwa vimepakwa uchafu wa mji mzima. Alitamani kutapika.

Tadei hakuziba pua wala hakugeuza uso. Alileta ndoo na kipande cha sabuni, akamnawisha, akarudia, na kila mara aliomba radhi. Kupanda bembea hakukuwezekana, kwani jukwaa lilikuwa na ngazi za mbao, basi wakakaa chini wakicheka wanaopiga kelele huko juu. Devota aliporudi kwao jioni mikono yake bado ilinuka, ila moyo wake ulikuwa na jambo jingine la kushughulika nalo.

Simu zikaanza. Kila alasiri Tadei alipiga kutoka nyumba ya wageni walikolala watu wa bembea.

"Naomba kuongea na mwenye gauni la njano."

"Hayupo. Leo kavaa la bluu."

"Basi huyo huyo wa bluu. Mwambie sijala tangu juzi."

"Nitamwambia. Atasema wauza samaki wapo hapo hapo getini."

Walicheka mpaka mjomba akauliza kama hiyo simu ni ya biashara au ya harusi. Kwa siku hizo chache Tadei alimweleza habari za Mkula na mashamba ya mpunga ya baba yake. Devota naye alimweleza mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu, kwamba hachoki kukaa, anachoka kuonewa huruma. Tadei alisema ameelewa. Alidhani ameelewa.

Akamwahidi kwamba Mwaka Mpya atapanda gurudumu kubwa. Ataongea na bosi, mashine isimamishwe muda wa kutosha, basi. Polycarp aliposikia alikubali mara moja, huku akitabasamu. Tadei alipaswa kuliogopa tabasamu lile.

Siku ya Mwaka Mpya Devota alivaa gauni jeupe alilolishona kwa ajili ya sikukuu. Akapita tena njia ile ya nyuma, safari hii ametandika gazeti mapajani na kufunga vitambaa viganjani. Alipotokea uwanjani muziki ulikatwa, na spika zikapaza sauti ya Polycarp.

"Mabibi na mabwana, sogeeni muone! Leo kiwete anapaa hewani!"

Watu wakaja mbio, na waliokuwa nje wakagombea tiketi. Kabla Devota hajafungua kinywa, Tadei alikuwa ameinama na kumzoa mikononi. Hakumuuliza. Gauni likapanda, na miguu aliyoifunika maisha yake yote ikaning'inia mbele ya macho ya watu ambao keshokutwa wangekuja dukani kupiga simu.

Umati ukapiga makofi. Polycarp akawaambia wampigie tena kijana mwenye moyo wa huruma, nao wakampigia. Mama mmoja, machozi yakimlengalenga, akamwekea Devota andazi la moto mapajani, juu ya gauni jeupe, akasema, "Kula mwanangu, Mungu anakuona." Mafuta yakaenea kitambaani.

Hata hayo Devota angeweza kuyameza. Ila kwa kuwa alikuwa amebebwa kifuani, aliuona uso wa Tadei kwa karibu, na uso huo ulikuwa unatabasamu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Tadei alitenda wema akabaki pale pale kupokea makofi.

Gurudumu likampandisha. Kutoka juu mto ulionekana, na mpunga wa kijani hadi milimani, lakini Devota hakuutazama. Alitazama chini, ambako mlevi mmoja alikuwa amekalia kiti chake na kujizungusha, rafiki zake wakimsukuma na kucheka. Kinyaa kilimpanda kooni, cha mlevi, cha andazi, cha spika, na zaidi ya vyote cha ile mikono miwili iliyomshika.

Aliposhushwa na kurudi kitini, alisema kwa sauti ya chini.

"Umeniuza, Tadei."

"Haki ya Mungu, sikujua habari za spika. Nilimwomba asimamishe mashine tu."

"Na makofi je? Nayo hukuyajua?"

Devota akasukuma magurudumu, akaondoka, na andazi akalitupia nzi.

Simu zilizofuata zilijibiwa na sauti ya kazi. "Namba hiyo siyo," Devota alisema, kisha akakata. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa amempenda, na jambo lililomkera kuliko yote ni kwamba bado alimpenda. Ila alijiuliza kama ataweza kuishi na mtu ambaye kila akimshika mkono barabarani atageuka kuangalia nani anaona. Ndoa ya makofi, alijiambia, na hilo hakulitaka hata kwa bahati ya mwisho duniani.

Siku moja kabla ya bembea kuondoka, Tadei alifika dukani mwenyewe. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilifurahia," alisema. "Waliponipigia makofi nilijiona mtu. Nilisahau kama wewe upo. Nikikumbuka najichukia."

Uongo Devota angejua kuujibu, lakini ukweli huo hakuutegemea.

"Kwako nilikuwa mzigo wa kukuletea sifa."

"Ndiyo. Sasa nifanye nini?"

"Nenda kazini," alisema Devota. "Kesho nakuja. Ninaingia geti la mbele."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walitoka kanisani wakaelekea moja kwa moja Kibaoni, maana ilikuwa siku ya mwisho na wingu zito lilikuwa likishuka kutoka milima ya Udzungwa. Devota alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Alikata tiketi kama mtu yeyote, akasogea mpaka kwenye mabomba, akakiingiza kiti katikati yake mpaka kikakwama. Kisha akafunga breki na kukunja mikono.

Hakuna aliyeweza kupita. Mwanzoni watu walimsihi kwa upole. Upole ulipoisha wakaanza maneno. Mmoja akasema vilema wana gubu. Mwingine akauliza kama hakupandishwa wiki ile ile mbele ya macho yao, anataka nini tena. Yule mama wa andazi naye alikuwapo, akatikisa kichwa na kumwambia mwanangu uwe na shukrani. Mikono ile ile iliyompigia makofi Mwaka Mpya sasa ilimwonyeshea vidole, na Devota akaona kwamba huruma yao haikuwa mbali na matusi hata kidogo.

Polycarp akaja anatweta.

"Tadei! Mbebe huyu umtoe."

Tadei akaacha baiskeli zake, akaja. Alisimama mbele ya kiti. Umati ukasubiri aonyeshe tena moyo wake wa huruma. Devota hakujua mikono ile itafanya nini, na ingemgusa tu, yote yangekwisha.

"Devota," alisema Tadei, "nifanye nini?"

"Usifanye kitu."

Tadei akatia mikono mfukoni.

Polycarp alimfukuza kazi pale pale, na Tadei akaitikia kwa kichwa. Watu wakamwita mwoga, wakamwita mume wa kiti, mmoja akamtupia ganda la ndizi likamkwama begani. Hakulitoa. Alisimama kando ya Devota, mikono mfukoni, uso ukimwiva kwa aibu, na safari hii hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia makofi.

Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, uvumilivu wa nyuma ya foleni ulikwisha. Wanaume wawili waliokuwa na watoto mabegani walilishika bomba la kulia, wakalitikisa kwa hasira. Likang'oka. Lilikuwa limechimbiwa kina cha kiganja tu. Huo ndio ukuta uliompitisha Devota kwenye matumbo ya samaki.

Akafungua breki. Akaingia.

Ndani hakupanda kitu. Alizunguka uwanja mzima taratibu, akapita mbele ya farasi wa mbao na chini ya gurudumu kubwa, akanunua karanga, akageuza kiti. Tadei alimfuata ubavuni, mikono bado mfukoni.

"Unaweza kuitoa sasa," alisema Devota.

"Niifanyie kazi gani?"

"Nishikie karanga, nina magurudumu ya kusukuma. Na utoe hilo ganda begani, unanitia kinyaa."

Tadei akacheka mpaka machozi yakamtoka. Walitoka kwa geti lile lile la mbele, na njiani kuelekea Mlabani, mvua ikiwanyea taratibu, akamuuliza kama anaweza kumtuma mshenga kwao.

Kabla Devota hajajibu, walikuwa wamefika nyumbani. Baba yake, mzee Amedeus, alikuwa amekaa kizingitini juu ya ngazi zake za saruji alizozijenga mwaka wa mavuno mazuri, na ambazo alizisifia kwa kila mgeni. Tangu zijengwe, Devota alikuwa akiingilia uani, kupitia bandani kwa kuku, kando ya choo, akinawa mikono kwenye pipa kabla ya kuingia kwao. Miaka yote hiyo hakuona kama hilo ni jambo. Sasa aliisikia harufu ya kinyesi cha kuku tangu barabarani, na kile kinyaa cha Kibaoni kikamrudia kooni, mlangoni kwao mwenyewe.

"Mtume huyo mshenga," Devota alimwambia Tadei. Kisha akasogea mpaka chini ya ngazi. "Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Zunguka upesi utalowa."

"Sizunguki, baba. Kuna mshenga atakuja hapa. Nataka kumpokea sebuleni, na sebuleni nataka niingie kwa mlango huu."

Mzee alimtazama binti yake, akazitazama ngazi, akamtazama tena. Kisha akainuka na kuingia ndani, na Devota akabaki mvuani akidhani amemuudhi. Mzee akarudi na jembe na karai. Akaenda kwenye tuta la viazi kando ya ukuta, akaanza kuchimba udongo na kuumwaga juu ya ngazi zake, ziwe mteremko.

Tadei alisogea, akajizuia.

"Nimsaidie?" alinong'ona.

"Muulize mwenyewe."

"Shikamoo, mzee. Naweza kusaidia?"

Mzee Amedeus akaegemea jembe, maji yakimtiririka usoni, akamkagua kijana kuanzia kofia hadi viatu.

"Marahaba. Na wewe ni nani?"

"Mpe karai kwanza, baba," alisema Devota. "Mengine tutakuambia nikishaingia."