Kigoda cha Mbwa wa Busawe

Unacheka nini? Jiko lenyewe huingii bila tochi, halafu unajifanya huamini. Haya yalimpata Mokami wa Nyanungu, rafiki yangu, mwanamke asiyeogopa hata fahali.

Fisi walikuwa wamemla mbwa wake, na zizi la ng'ombe likabaki bila mlinzi. Akaenda Busawe kwa Scholastica, mjane aliyetafuta mtu wa kumpa mbwa wa marehemu mumewe.

"Mchukue na kigoda cha mzee, dada. Bila hicho hapati usingizi."

"Mbwa na fenicha! Na neti yake iko wapi?"

Scholastica hakucheka. Alimpakatisha kigoda haraka haraka, kama anayetoa takataka.

Jioni kwake Nyanungu, mbwa akiwa ndani na kigoda chake, mvua ikamwagika na umeme ukakatika. Mokami akawa anapapasa kiberiti mezani aliposikia kigoda kikilia, kwii, kama kimekaliwa na mtu mzito. Mkia wa mbwa ukaanza kupiga sakafu kwa furaha. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kile cha wazee wavuta tumbaku.

"Nani?"

Mkia tu, pu, pu, pu.

Mokami akasonya. "Kama ni wewe mzee, huna haya! Umekufa, bado unaingia nyumba za wanawake. Kaa na mbwa wako, mimi nalala kwa jirani. Asubuhi nakichoma hicho kigoda."

Akajitanda khanga, akatoka nje kwenye mvua na kuubamiza mlango. Hata hajageuka, akasikia komeo la ndani likisukumwa, taratibu, mpaka likagota.